Chui wa Kondo

Kondo Mwegoha alipowaliza wanawake wa kikundi cha Tujikwamue, hata mwenyekiti wao, ambaye hakuonekana kulia kwenye msiba wa mumewe mwenyewe, alitafuta ncha ya kanga.

Kikao kilikuwa kwenye baraza la godauni la mahindi, hapo Mikumi, hatua chache kutoka barabara kuu. Msemaji yeyote wa mahali pale hulazimika kunyamaza lori la Tunduma linapopita. Wengine hukasirika. Kondo aliyatumia malori. Alikuwa anaikata sentensi katikati, anainamisha kichwa, lori linapita na kelele zake, na kimya kinachobaki nyuma watu wanadhani ni huzuni.

"Chui hakubisha hodi, ndugu zangu. Chui hakuuliza huyu ni mbuzi wa nani. Chui hakujua kwamba mnyama yule hakuwa wangu, alikuwa wa dada yangu Verdiana! Mimi ni nani nishindane na meno ya porini?" Lori likapita. "Mimi ni nani?"

Hakuna aliyemwambia yeye ni nani. Walikuwa wanapenga kamasi.

Mbuzi aliyeliliwa alikuwa wa mradi. Kila mwanakikundi alikuwa anapewa jike mmoja wa maziwa, na jike huyo akizaa mtoto wa kike, mtoto anakuzwa hadi kufikia umri, kisha anakabidhiwa kwa mwenzake anayefuata. Ndiyo deni lenyewe, na kila mbuzi alivalishwa hereni ya njano sikioni ili asije akabadilishwa na beberu la mtu. Mbuzi aliyekuzwa kwa Kondo alikuwa tayari. Aliyefuata kupokea alikuwa Verdiana, mjane mwenye watoto wanne, muuza vitumbua, mtu wa maneno machache.

Mwanakikundi halisi hakuwa Kondo bali mkewe, Hildegarda, tena ndiye katibu. Siku hiyo alikaa mezani na kalamu, macho mekundu. Alikuwa amerudi jana yake kutoka hospitali ya Berega alikokuwa anamuuguza mdogo wake, na mumewe alimpokea mlangoni kwa kilio. Mwanamume mzima, analia kwa ajili ya mbuzi wa mjane! Hildegarda aliona aibu kwamba aliwahi kumfikiria vibaya. Alimfuta machozi kwa kitenge chake, akampikia uji.

Verdiana alinyoosha mkono.

"Pole, Baba Naomi. Nina swali tu. Damu ilikuwepo?"

"Damu?"

"Ya mbuzi. Au manyoya. Au nyayo za huyo chui."

Kondo alimtazama kwa upole wa mtu anayesamehe. "Dada Verdiana, mtu aliyefiwa huulizwa jeneza lilikuwa la mbao gani?"

Baraza zima likaguna, na lilimgunia Verdiana. Mwanamke mmoja akamwambia ana roho ngumu. Yeye akasema, "Nimeuliza tu," akashusha mkono.

Mwenyekiti akajikohoza. "Pamoja na uchungu tulionao, kanuni zetu zinasema mbuzi akiliwa na mnyama, mtaalamu aje athibitishe. Tukishathibitisha, mradi utampa Verdiana mwingine."

Kondo angeweza kukaa hapo. Lakini sauti yake ilikuwa imeshapanda mlima na haikujua njia ya kushuka. "Nitawaleta!" akanguruma. "Askari wa wanyamapori wenyewe waje! Waje waone mtu maskini alivyoonewa na wanyama wa serikali!"

Makofi yakalipuka. Mtu akipigiwa makofi husahau alichoahidi. Wanaokumbuka ni waliopiga. Kabla hajakaa vizuri kwenye benchi, mwenyekiti alikuwa ameshatoa simu kwenye pochi na anasema, "Haloo, afande? Shikamoo. Kuna chui huku kwetu."

*

Mikumi, ukisema umeona tembo, watu wanakuuliza kama kakanyaga mahindi. Ukisema chui amepita kati ya nyumba zenye watoto, wanakuja. Kesho yake asubuhi askari wawili walishuka kwenye gari la kijani, mkubwa wao kijana mrefu aitwaye Nickson, mtu aliyeonekana kupenda sana kazi yake, jambo ambalo Kondo alilichukia tangu dakika ya kwanza.

Nickson alilizunguka banda akichuchumaa kila baada ya hatua kadhaa.

"Mzee, chui wako aliingilia wapi?"

"Pale mlangoni."

"Akatokea wapi?"

"Palepale."

"Na mbuzi mdomoni?"

"Chui ni mnyama wa ajabu, afande."

"Ni wa ajabu kweli. Ila sijawahi kuona chui anayefunga mlango kwa waya akitoka."

Mwenzake akacheka. Majirani walioegemea uzio nao wakacheka, halafu wakakumbuka kwamba jana walilia, wakaacha. Nickson akasimama, akainua pua. Upepo ulikuwa unatoka jikoni, kibanda cha nyuma chenye dari la moshi. Aliingia bila haraka. Alipotoka alikuwa ameshika mkononi paja lililokaushwa juu ya moto, jeusi, limekondeana, halina ngozi wala kwato.

"Hii ni nyama gani?"

"Mbuzi," akasema Kondo.

"Yupi?"

Hapo ndipo msemaji mkuu wa Mikumi alipopatwa na ububu. Mkewe alisimama nyuma yake. Mkewe aliambiwa nyama hiyo ilinunuliwa mnadani, na akaamini, kwa sababu baada ya miaka mingi ya ndoa kuamini kulikuwa kazi mojawapo ya nyumbani, kama kuosha vyombo.

"Wa mnadani," akasema Kondo.

"Mnada mwezi huu umezuiliwa kwa ugonjwa wa mifugo. Sisi wenyewe ndio tuliorudisha watu njiani."

"Nilitaka kusema buchani."

Mwenye bucha alikuwa palepale kwenye uzio. Aliulizwa. Alisema hajachinja mbuzi tangu Idi, yeye anauza ng'ombe tu, na asiingizwe.

Nickson aliinusa nyama tena. Nyama iliyobanikwa kwa siri, nje kidogo tu ya mpaka wa hifadhi, kwa mtu ambaye maelezo yake yamebadilika mara mbili kabla chai haijapoa. Akamwambia Kondo avae viatu. "Kwa macho yangu hii ni swala," akasema. "Kama siyo, utatuonyesha."

Kweli yenyewe ilikuwa rahisi kuliko yote yaliyosemwa. Kondo alitaka uenyekiti wa kitongoji. Wakubwa watatu, akiwemo Mathias mwenye duka la vifaa, walikuja kumshauri wakati Hildegarda yuko Berega, na wakubwa hawashauriani juu ya mchicha. Kondo alimchinja mbuzi wa Verdiana, akawalisha, na walimhakikishia, huku wakichokonoa meno, kwamba jina lake litapitishwa. Kichwa, ngozi na miguu alivizika nyuma ya choo. Nyama iliyobaki alishindwa kuizika. Ilikuwa tamu mno.

Angeweza kuyasema hayo kwa Nickson palepale na kulala nyumbani. Lakini ndani ya lile gari alipiga hesabu ya kisiasa. Jangili anaweza kugombea; watu watasema alionewa na hifadhi, na nani Mikumi hajawahi kuonewa na hifadhi? Mla mbuzi wa mjane hagombei hata ukatibu wa kwaya. Akaamua kunyamaza na kwenda mahabusu akiwa na jina safi.

*

Kaka yake Hildegarda, Theodory, alifika jioni akiwa na koti. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, na kabla ya hapo alifundisha kwa muda katika shule ambayo haikuendelea naye. Alikaa kwenye stuli, akakunja nne.

"Dada, usilie. Utetezi ni chungu, na chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza, wamwamini mtu mwenyewe: tutaleta barua ya katekista. Figa la pili, mioyo yao iguswe: tutamleta mama mkwe wako kutoka Vidunda, na akohoe. Figa la tatu ni sababu. Hilo tutalitafuta."

Naomi, binti wa nyumba hiyo, alikuwa anaosha mchele. Alikuwa kidato cha tatu, na shuleni ndiye aliyekuwa anafungua midahalo. "Na kuni, mjomba?"

"Kuni zipi?"

"Za chini ya chungu. Mwalimu wetu anasema hoja bila ushahidi haiivi."

"Mwalimu wako amewahi kuongoza harusi ya watu mia tano?" Theodory akauliza, na kwa kuwa hakuna aliyejibu, aliona ameshinda.

Naomi aliinamia mchele wake. Aliuosha tena, ingawa ulikuwa umeshatakata.

Kesho yake Theodory alilipanga jeshi lake kituoni. Barua ya katekista ilisomwa: ilisema Kondo ana sauti nzuri ya besi. Mama yake Kondo, bibi aliyeteremka mlimani kwa miguu yake na kikapu cha maharage kichwani, aliketishwa kwenye kiti na kuelekezwa aheme juu juu. Konstebo Evance, aliyekuwa zamu, alimhurumia kweli.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, unajua chochote juu ya hii nyama?"

"Naijua sana. Ni mbuzi. Mwanangu aliniletea paja zima, nyama laini ya mbuzi mchanga. Mungu ambariki."

"Mama amezeeka," Theodory akaingilia haraka, "anachanganya mambo. Naomba hayo yasiandikwe."

Evance hakuyaandika. Kweli pekee iliyotamkwa kituoni siku hiyo ilifutwa na upande wa utetezi.

Kisha akaletwa Kondo kutoa maelezo. Theodory alisimama nyuma ya konstebo akimwongoza shemeji yake kwa mikono, kama mwalimu wa kwaya.

"Andika," Kondo akasema. "Nani katika Mikumi hii asiyemjua Kondo?"

Evance alisimamisha kalamu. "Hilo ni swali. Nalijibu mimi au unalijibu wewe?"

"Halijibiwi. Ni la kuamsha fikra."

"Fomu haina sehemu ya fikra. Ina jina, umri, kazi, na ilikuwaje."

Theodory akapandisha mikono: zaidi, zaidi. Kondo akavuta pumzi. "Sikuwinda jana, sikuwinda juzi, sikuwinda tangu nizaliwe! Je, mtu aliyelia hadharani kwa ajili ya mbuzi anaweza kumuua swala?"

"Anaweza," akasema Evance, na akaandika. "Mtuhumiwa anasema anaweza."

"Sijasema hivyo!"

"Umeuliza. Nimekusaidia." Akageuza karatasi. "Weka dole gumba hapa. Jumatatu jalada linakwenda Kilosa, na wewe nyuma yake."

*

Verdiana alikuja kwa Hildegarda Jumapili baada ya misa, amebeba unga kwenye mfuko na fungu la majani ya maboga. Aliuweka mzigo wake jikoni bila kuuliza, akavuta kigoda.

"Nimekuja kukupa pole, Mama Naomi. Nyumba bila mwanamume haina nguvu, naijua. Na yale maswali yangu siku ile... usiyaweke moyoni. Nilikuwa nimeshamjengea banda."

"Nani?"

"Yule mbuzi. Watoto walikuwa wanakata majani kila siku na kuyaweka humo, wazoee kazi."

Hildegarda alianza kumshukuru. Hapo Naomi akadondosha sufuria, wala hakuiokota.

"Mama, hakuna chui."

"Unasemaje?"

"Baba alimchinja. Walikuja akina mzee Mathias, wakala. Na mimi nilikula, mama. Baba alisema nikikuambia presha yako itapanda ufe, na mimi ndiye nitakuwa nimekuua."

Nje mtu alikuwa anaswaga ng'ombe, akiwapigia miluzi. Hildegarda alimsubiri apite, kana kwamba ng'ombe wangeweza kusikia.

"Ulikula wapi?"

"Mbavu."

Swali hilo halikuwa na maana yoyote, ila ndilo lililotoka. Alimtazama Verdiana, aliyekuwa amekaa vilevile juu ya kigoda, unga wake pale chini. Hildegarda alikuwa ameandika kwa mkono wake, mbele ya kikundi kizima, kwamba mbuzi wa huyu mwanamke ameliwa na chui. Alimwonea huruma mumewe, akamwona Verdiana ana roho ngumu. Alitaka kusema samahani na neno likamkataa, kwa sababu wiki hiyo nyumba yake ilikuwa imetumia maneno yote.

"Kichwa kiko wapi?" Verdiana akamuuliza Naomi.

"Nyuma ya choo. Na ngozi, na miguu."

"Leteni jembe."

Walichimba mchana kweupe, wanawake wawili na msichana, majirani wakidhani wanachimba shimo la taka. Harufu ilitangulia, halafu ngozi, halafu kichwa. Sikio la kushoto lilikuwa limeanza kuharibika, lakini hereni ya plastiki ilikuwa njano kama siku ilipovalishwa. Verdiana aliinama akaifuta udongo kwa kidole na kuisoma namba, ile aliyokaririshwa siku alipoonyeshwa mbuzi wake.

"Ndiye," akasema.

Alisimama kidogo akiegemea jembe. Hildegarda alisubiri atukanwe. Angefurahi kutukanwa.

"Kilosa nipeleke hereni peke yake?" Hildegarda akauliza mwishowe.

"Hereni watasema uliing'oa popote," Naomi akasema kwa sauti ndogo. "Inatakiwa ionekane kwamba nyama ya kule na hivi vya hapa ni mnyama mmoja. Miguu, mama. Baba aliikata vibaya kwa panga, mmoja ulipasuka."

"Chukua vyote," Verdiana akasema. "Mpeleke. Sitaki afungwe kwa swala. Nikitaka afungwe, iwe kwa mbuzi wangu."

*

Jumatatu Hildegarda alikwenda Kilosa na ndoo. Aliifunika kwa mfuniko, akaifunga kwa kitenge, akaizungushia nailoni, na bado kila aliyepanda gari alifungua dirisha kabla ya kukaa.

"Mama, umebeba nini?" kondakta akauliza.

"Ushahidi."

"Unanuka."

"Najua."

Ndoo ikapelekwa nyuma kabisa, naye akafukuzwa pamoja nayo. Kutoka hapo hadi Kilosa hakuna aliyekaa kiti cha jirani. Mama mmoja aliyepandia njiani alimsalimu vizuri, kisha akasogea mbele taratibu akijifanya anatafuta jua.

Ofisi ya waendesha mashtaka ilikuwa na feni moja na mafaili mengi. Aliyekuwa na jalada la Kondo alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Shamimu, miwani puani, mtu aliyesikiliza huku anaendelea kupanga karatasi. Kondo alikuwa benchini kati ya Evance na Nickson. Theodory alikuwa amewahi kwa gari la kwanza, na alikuwa amesimama anazungumza. Alikuwa amefika kwenye bendera ya taifa. Twiga, tembo na mwenge wa uhuru vilikuwa vimeshatajwa.

"Mheshimiwa, kumfunga mtu huyu ni kuifunga Mikumi! Ni kufunga barabara! Ni kufunga..."

"Nani huyu?" Bi Shamimu akamuuliza Evance.

"Shemeji yake."

"Ni wakili?"

"Ni wa harusi."

Bi Shamimu akamwonyesha Theodory kiti. Hildegarda akagonga mlango, akaamkia, akaitwa ndani. Harufu ikaingia naye, na feni ikaigawa sawasawa kwa wote.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni mke wake. Ile nyama si ya swala. Ni ya mbuzi wa kikundi chetu, mume wangu alimchinja akasema kaliwa na chui. Kichwa ninacho hapa, na miguu."

Kondo alinyanyuka benchini. Ndiyo mara ya kwanza tangu akamatwe kuonekana na hofu ya kweli.

"Mheshimiwa, si kweli! Mbuzi yule aliliwa na chui! Kuna muhtasari wa kikao, umeandikwa na huyuhuyu!"

"Niliandika ulichosema," Hildegarda akasema.

"Mke wangu ana presha, mheshimiwa, ametoka kuuguza, akili yake..."

"Mwegoha," Bi Shamimu akamkatiza. "Nielewe vizuri. Mkeo anataka kukutoa, na wewe unanishawishi nisikutoe?"

Theodory, kwenye kiti chake, alikuwa anachunguza kifungo cha koti.

"Nickson," Bi Shamimu akasema, "vielelezo unavyo?"

Nickson alivaa glovu. Alitandaza gazeti sakafuni, akatoa lile paja jeusi kwenye mfuko wake, na kutoka kwenye ndoo akatoa miguu mmoja mmoja. Wa kwanza haukukaa. Wa pili haukukaa. Wa tatu ulikuwa na mfupa uliopasuka kwa mshazari, na alipouleta kwenye ncha ya paja, jino la mfupa likaingia kwenye pengo, kama kifuniko kwenye chungu chake. Aliugeuza huku na huku. Kisha akachukua kichwa, akasoma namba ya hereni, Evance akaiandika bila kusaidiwa.

"Ni mbuzi, mheshimiwa," Nickson akasema. Sauti yake ilikuwa na aibu kidogo. "Nilikosea. Nilisema swala."

"Ulisema akuonyeshe, hakukuonyesha." Bi Shamimu akafunga jalada, akavua miwani. "Hakuna kesi ya nyara za serikali. Kuhusu kuwaita askari wamtafute chui wa uongo, ningeweza kukufungulia nyingine sasa hivi, na shahidi wangu wa kwanza angekuwa huyu mama. Nenda nyumbani. Mengine watakuhukumu wenye mbuzi wao."

Mtu mwingine angeshukuru. Kondo alianza, "Mheshimiwa, kama alivyosema mhenga..."

"Nenda."

*

Walikaa pamoja kituo cha mabasi cha Kilosa wakisubiri gari la kurudi. Ndoo ilibaki kule kama kielelezo. Theodory alikumbuka ana shughuli Kimamba, akaondoka bila kunywa hata soda.

Kondo alisubiri mkewe aanze. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alikuwa na majibu ya kelele.

"Mbuzi yule ningemlipa," Hildegarda akasema baadaye, akiangalia watu wanaoshusha magunia. "Ungeniambia umemchinja, ningekutukana, halafu ningetafuta namna. Si mbuzi."

"Basi ni nini?"

"Ulilia, Baba Naomi. Mlangoni. Nilikuwa nimechoka safari nzima, sijala, nikakufuta machozi. Nilikupikia uji." Akapakata mkoba wake. "Nilikuwa nawaza, huyu mtu ana moyo kumbe. Nilifurahi kabisa."

Kondo alitafuta. Alikuwa na methali za subira, za msamaha, za ulimi usio na mfupa. Kila aliyoishika aliiona imeshatumika. Gari likaja. Hildegarda alipanda kwanza, akakaa dirishani, na kiti cha pembeni yake akakiwekea mkoba.

*

Kikundi kilikutana wiki hiyohiyo. Habari zilikuwa zimefika kabla yao, kwa hiyo baraza la godauni lilijaa kupita kawaida, hata wasio wanachama walikuja, na Mathias alipita kwa mbali akijifanya anakwenda kwingine. Yeye na wenzake, kila walipoulizwa, walisema siku hiyo walikula wali na maharage.

Hildegarda alisimama kwanza. Alisema muhtasari wa kikao kilichopita una uongo na aliuandika yeye, kwa hiyo anaacha ukatibu. Akaweka kalamu mezani, akatoka kupitia mlango wa nyuma wa godauni. Ilichukua muda mfupi kuliko kufungua kikao.

Ndipo Kondo akaomba nafasi. Alipewa, hatuwezi kumlaumu mwenyekiti, watu walikuwa wametembea kutoka mbali.

"Ndugu zangu," akaanza kwa sauti ya chini kabisa, wakalazimika kusogea. "Mlikuja mkitafuta chui. Chui ninyi mnaye mbele yenu."

Akajigonga kifua.

"Chui ni mimi! Chui hana madoa, chui ana shati! Chui hakutoka porini, alitoka chumbani! Nani kati yenu hajawahi kushindwa na tumbo lake? Nani?" Lori likapita. Alilisubiri, kichwa kifuani. "Nani?"

Mwanamke mmoja wa benchi la mbele akaanza kulia. Yule aliyemwambia Verdiana ana roho ngumu naye akatafuta kanga. Ilikuwa hotuba nzuri kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa safari hii ilikuwa na chumvi ya ukweli ndani yake, na Kondo mwenyewe aliona jinsi inavyokolea. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba anayekiri hadharani ni kiongozi. Mwingine akasema Mungu mwenyewe husamehe. Mwenyekiti alikuwa ameshavua miwani anaipangusa. Kondo akauona uenyekiti wa kitongoji ukirudi taratibu kutoka ulikokwenda, kama kuku jioni. Akainua mikono yote miwili kufikia kilele.

Na kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameelekea barabarani, yeye peke yake aliwaona.

Verdiana alikuwa anapita upande wa pili wa barabara kuu ameshika kamba. Nyuma ya kamba alikuwa mbuzi wa Kondo mwenyewe, yule jike mkubwa, mama wa aliyechinjwa, mwenye mimba nyingine tumboni. Alikuwa anagomagoma, anageuza kichwa kuangalia alikotoka. Nyuma ya mbuzi alikuwa Hildegarda na kijiti, anamswaga polepole, bila kumpiga. Walikuwa wanazungumza. Jambo moja Verdiana alilisema, na Hildegarda akacheka, akajiziba mdomo kwa kanga, halafu akacheka tena.

Wanawake kwenye baraza walisubiri, nyuso zimelowa. Lori lililokuwa linakuja likafika, likapita na vumbi lake, likaisha kabisa kwenye kona ya kuelekea Iringa. Mikono ya Kondo ilikuwa bado iko juu.

"Endelea, Baba Naomi," mwenyekiti akamhimiza kwa upole. "Tunakusikiliza."